Hofu Yenye Mlango: Michezo ya Maandishi ya Kutisha na Usingizi wa Vijana wa Pemba

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi wa Pemba huwauliza madaktari siku hizi ni simu: mtoto anatazama nini usiku kucha, na kwa nini anaamka na macho mekundu. Majibu tuliyoyazoea yanahusu kamari, picha chafu na mitandao ya kijamii. Makala haya yanahusu jambo jingine, dogo kwa sura lakini lenye mafunzo mengi, nalo ni michezo ya kutisha ya maandishi matupu. Michezo hii hupatikana bure, na mchezaji huisoma kama hadithi huku akiiendesha mwenyewe kwa kuandika au kuchagua maneno.

Maoni yangu nayatanguliza ili msomaji ajue tunakoelekea. Michezo hii haistahili kupigwa marufuku, wala haistahili kupuuzwa. Hofu ambayo mtu ameiendea kwa hiari yake, na ambayo anaweza kuondoka ndani yake wakati wowote, ni tofauti na hofu inayomvamia kitandani. Ya kwanza ina mlango wa kutokea, ya pili haina. Kazi ya mzazi na ya mhudumu wa afya ni kujua kijana aliye mbele yake yumo katika hofu ipi, na kumsaidia kabla ya moja kugeuka kuwa nyingine.

Mchezo usio na picha

Kwa wasioifahamu michezo hii, maelezo machache yatafaa. Katikati ya miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Will Crowther, aliyekuwa pia mpenzi wa kutembelea mapango, aliandika mchezo uliomwongoza mchezaji ndani ya pango kwa maneno tu. Kompyuta ilieleza mahali alipo, naye akaandika amri fupi: nenda kaskazini, chukua taa, fungua mlango. Mwaka 1977 vijana wa chuo cha MIT walianza kuandika mchezo wa Zork kwa mtindo huohuo. Humo mchezaji anayetembea gizani bila taa huliwa na kiumbe ambaye hakuna aliyepata kumwona vizuri. Hakuna picha ya kiumbe huyo, na kwa sababu hiyo kila mchezaji humchora mwenyewe akilini, kwa rangi za hofu zake.

Waandishi wa hadithi za kutisha waliiona nguvu hiyo. Mwaka 1998 Michael Gentry alitoa bure mchezo wa Anchorhead, unaomhusu mwanamke anayehamia mji wa pwani baada ya mumewe kurithi nyumba ya ukoo, akagundua kidogo kidogo kwamba ukoo huo una siri ya kuogofya. Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, programu ya bure inayomwezesha hata asiyejua kuandika programu kutunga hadithi ambayo msomaji huiendeleza kwa kugusa maneno. Kwa programu hiyo, mwaka 2013 Michael Lutz alitunga My Father's Long, Long Legs, kisa cha baba anayechimba chini ya nyumba yake usiku na mchana pasipo kuwaeleza watoto wake sababu.

Hadithi za namna hii ni nyepesi kwa simu. Hazimalizi kifurushi cha intaneti, hazihitaji simu ya bei kubwa, na nyingi hazimdai mchezaji fedha wala kumtangazia bidhaa. Zaidi ya hayo, zina mwisho. Mchezo wa kamari umetengenezwa ili usiishe. Hadithi imetungwa ili ifike tamati. Tofauti hiyo ni muhimu, na mzazi anayeweka vyote katika kapu moja huukosa ukweli huu.

Kisiwa kinachoijua hofu ya maneno

Haitakuwa sahihi kuiona michezo hii kuwa ugeni mtupu. Mtoto wa Pemba amekuwa akicheza mchezo wa maneno tangu kabla ya umeme kufika vijijini. Bibi husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Bila jibu hilo hadithi haiendi. Ndani ya ngano hizo yamo mazimwi yanayokula watu, majini yanayojigeuza sura na nyumba zisizofaa kufunguliwa. Watoto huogopa na kusogeleana, lakini hakuna anayetaka hadithi ikatishwe. Hofu ile ilikuwa na mipaka iliyojulikana na wote. Ilianza kwa kibwagizo, ikaisha kwa kibwagizo, na msimulizi mwenyewe alikuwa ni bibi, ambaye baada ya zimwi kufa alimfunika mjukuu shuka.

Fasihi yetu iliyochapishwa nayo imeipita njia hiyo. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960, humwingiza msomaji mahali penye mzimu na mauaji, kisha Bwana Msa humtoa kwa taa ya akili, akionyesha kwamba nyuma ya hofu ulikuwapo mkono wa binadamu. Msomaji alilipia hofu hiyo kwa hiari yake, na akafunga kitabu akiwa salama.

Lakini kisiwa hiki kimeijua pia hofu ya aina ya pili. Mwanzoni mwa mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari za Popobawa zilianza Pemba, zikavuka hadi Unguja na baadaye kufika Dar es Salaam. Watu wazima walieleza kwamba walivamiwa usiku vitandani, wakakandamizwa kifuani, wakashindwa kupiga kelele wala kusogeza kiungo, na wengine walisema walidhalilishwa. Familia nzima ziliacha vyumba zikalala nje kwa makundi, zikiwa zimewasha moto. Watu waliambiana kwamba aliyevamiwa hana budi kuwaeleza wenzake, la sivyo kiumbe yule atamrudia. Hofu ikajipatia miguu, kwani kila aliyeogopa alilazimika kuwa msimulizi wake.

Mwanaanthropolojia Martin Walsh, katika uchambuzi alioutoa mwaka 2009, ameonyesha jinsi maelezo ya watu kuhusu tukio hilo yalivyofungamana na siasa za wakati ule. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameonyesha kwamba mazungumzo kuhusu Popobawa hayakuwa ya hofu peke yake; yalikuwamo pia ya utani na dhihaka. Mimi nayatazama kwa jicho la daktari wa maradhi ya akili, na jambo lisilonitoka ni hili: mwaka ule mjini Unguja, kundi la watu lilimuua kijana mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Mgonjwa mmoja alilipa kwa roho yake gharama ya hadithi ambayo hapakuwa na mtu wa kusema imekwisha.

Jinamizi kwa lugha ya mwili

Sisemi kwamba walioteseka mwaka ule walikuwa waongo. Walichokieleza wengi wao, yaani kuamka bila kuweza kusogea, uzito kifuani, hisia kwamba yupo mtu chumbani, na sauti isiyotoka, sisi madaktari tunakisikia mwaka hadi mwaka kutoka kwa watu wa mataifa yote. Waswahili tumekiita jinamizi tangu zamani.

Maelezo yake kitaalamu si magumu. Usingizi huenda kwa awamu, na katika awamu ya ndoto nyingi ubongo huilegeza misuli ya mwili, isipokuwa ya macho na ile ya kupumulia, ili mtu asiinuke na kuzitenda ndoto zake. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu hufumbua macho, hukiona chumba chake halisi, lakini miguu na mikono bado imefungwa na mabaki ya ndoto bado yanatembea. Kwa kuwa kituo cha hofu ndani ya ubongo kimewaka, mabaki hayo huchukua sura ya adui. Ni sura gani? Ile ambayo jamii, au hadithi ya mwisho aliyoisikia, imempa. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huondoka yenyewe, na haiui.

Jinamizi si jambo adimu. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa nalo angalau mara moja maishani. Miongoni mwa wanafunzi kiwango kilikuwa takriban asilimia 28, na miongoni mwa wagonjwa wa maradhi ya akili takriban asilimia 32. Vichocheo vyake vinajulikana: kulala muda mfupi, kulala na kuamka kwa saa zisizo na mpango, wasiwasi mwingi, na kulala chali. Mwanafunzi anayekesha huwa amevikusanya vichocheo hivyo karibu vyote.

Hapa ndipo michezo ya kutisha inapoingia. Hadithi haiumbi jinamizi. Kinachoufungulia mlango ni usingizi uliokatwa, na hadithi humpa mgeni anayeingia jina na uso.

Kijana, baba yake na mwaka 1995

Nitatoa mfano mmoja kutoka kliniki, nikiwa nimebadilisha baadhi ya maelezo ili familia isitambulike. Kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari kaskazini ya kisiwa, aliletwa na wazazi wake kwa sababu alikuwa akiamka usiku akitweta, hawezi kusema, kisha analia. Mara tatu katika wiki mbili. Simu yake ilikutwa na hadithi ya kutisha ya Kiingereza ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiicheza kila mmoja nyumbani kwao, na kesho yake wakielezana njia walizopita. Familia ilikwisha kufikia uamuzi wake. Simu ichomwe moto, kijana aachishwe skuli kwa muda, na apelekwe kwa mtu wa kumtoa kilichomwingia.

Aliyeogopa zaidi katika chumba kile hakuwa kijana. Alikuwa ni baba. Nilipomwuliza kwa nini ameamua kumtoa mtoto skuli, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Dokta, mimi mwaka ule nilikuwa mdogo. Tulilala nje, wote, moto unawaka. Marehemu baba akikaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Sasa namsikia mwanangu anakoroma kwa namna ileile."

Baba yule hakuwa mjinga, wala hakuwa mkaidi. Alikuwa amebeba kwa miaka mingi hofu ambayo haikupata kumalizwa, na mwanawe aliifungua bila kujua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Laiti tungemjibu kwa kicheko, angeondoka na mtoto wake, na huenda tusingewaona tena.

Tulihesabu pamoja, sisi wanne. Kijana alikuwa akiiweka simu chini saa nane usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya sala, kisha skuli, kisha chuo cha Qur'ani jioni. Alikuwa akilala saa 3. Kwa umri wake wataalamu wa usingizi hupendekeza kati ya saa 8 na saa 10. Nilimweleza yeye na baba yake jinsi mwili unavyofungwa na kufunguliwa, kama nilivyoeleza hapo juu. Tulikubaliana kwamba simu italala chumba cha wazazi kuanzia saa tatu usiku, kwamba hadithi itachezwa mchana baada ya masomo, na kwamba kijana atailalia upande wake wa kulia. Skuli hakuachishwa, na simu haikuchomwa. Baada ya mwezi mmoja jinamizi lilikuwa limemjia mara moja tu, naye alilitambua kwa jina lake, akasubiri lipite. Hadithi aliimaliza. Baba yake aliniambia kwamba alikaa ubavuni akasomewa mwisho wake kwa Kiswahili, na kwamba mwisho wenyewe haukumridhisha.

Si kila kisa huisha hivi. Hata hivyo kisa hiki kinaonyesha kilichokuwa hatarini: masomo ya kijana, imani kati ya baba na mwana, na uhusiano wa familia moja na huduma ya afya ya akili. Vyote hivyo vilikaribia kupotea kwa sababu ya saa tano za usingizi.

Je, kucheza kwa kukesha ni ugonjwa?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa unaotokana na michezo ya kidijitali. Tangu hapo baadhi yetu tumekuwa wepesi wa kumbandika kijana jina hilo. Tusifanye haraka. Orodha hiyo inataka mambo matatu yaonekane kwa pamoja: mchezaji ameshindwa kuudhibiti mchezo, mchezo umetangulizwa mbele ya shughuli nyingine za maisha, na anaendelea kuucheza hata anapoona madhara. Mambo hayo, kwa kawaida, yawe yamedumu angalau miezi 12 na yawe yameharibu kwa kiasi kikubwa masomo, kazi au uhusiano wake na watu. Kijana aliyekesha wiki mbili kumaliza hadithi hajawa mgonjwa. Amekosa usingizi.

Kuna upande wa faida pia, na ni haki kuutaja. Watafiti wa Denmark walipima mapigo ya moyo ya watu 110 waliokuwa wakipita katika nyumba ya kutisha iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani, na matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba raha ilikuwa kubwa pale hofu ilipokuwa ya wastani. Ilipokuwa ndogo mno watu hawakuburudika, na ilipokuwa kubwa mno raha ilitoweka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2021, uliona kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walieleza dhiki ndogo zaidi ya kisaikolojia wakati wa janga la UVIKO-19. Tafiti hizo hazithibitishi kwamba hofu ni dawa, na hazikufanywa kwetu. Zinakubaliana, hata hivyo, na jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kipimo cha moyo, kwamba mtoto aliyezoea kuogopa mahali salama hujifunza kuipima hofu yake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Na mchezo wa maandishi una kitu ambacho filamu haina. Mchezaji ndiye anayeamua kama mlango ufunguliwe. Anaweza kusimama, kurudi nyuma, kufikiri, kuweka simu chini na kunywa maji. Anasoma, tena kwa makini, kwani neno asiloliona laweza kumpoteza njia. Kwa kijana ambaye kusoma ukurasa mmoja ni mzigo, hilo si jambo la kudharau.

Ambao hawafai kuicheza, au waicheze kwa tahadhari

Kuitetea michezo hii hakuondoi wajibu wa kutaja wale ambao yaweza kuwadhuru.

Wa kwanza ni wagonjwa wanaosikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, na wanaoamini kwamba wanafuatwa au wanatendewa ubaya. Hadithi inayomwambia msomaji kwa nafsi ya pili kwamba kuna mtu nyuma ya mlango wake yaweza kuchanganyika na sauti alizonazo. Mgonjwa wa namna hii na aache kwanza, na asikatishe dawa zake kwa sababu yoyote ile bila kumwona daktari.

Wa pili ni waliopitia ukatili, ajali mbaya, au kuzama kwa chombo baharini, na bado tukio hilo huwarudia katika ndoto. Kwa hawa hofu haichezwi. Inawarudisha walikotoka.

Wa tatu ni wenye kifafa. Maandishi matupu hayana mianga inayomweka ambayo huwasumbua baadhi yao, lakini kukosa usingizi peke yake kwaweza kuleta kifafa. Wacheze mchana, walale kwa wakati, na dawa wanywe kwa saa yake.

Wa nne ni watoto wadogo ambao bado hawatofautishi vizuri kilichotungwa na kilichopo. Hadithi nyingi za aina hii ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na humo huwamo mauaji, kujidhuru na mambo ya faragha. Mzazi asome kwanza. Kama Kiingereza kinampa tabu, amwombe kijana mkubwa amsomee kwa sauti. Hapo atakuwa amepata mambo mawili kwa pamoja, yaani kuijua hadithi na kumjua mtoto wake.

Nini kifanyike kituoni na nyumbani

Kwa wahudumu wenzangu walio katika vituo vya afya, kutoka Msuka hadi Mkoani, napendekeza maswali manne kwa kijana anayelalamika kuhusu usingizi, na yaulizwe bila kejeli. Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Unafanya nini katika saa ya mwisho kabla ya kulala? Unapoamka usiku, je, unashindwa kusogea, na unaona au kusikia nini? Ukitaka kuiacha simu, unaweza? Majibu yake yatakuonyesha kama tatizo ni saa za kulala, ni jinamizi, ni wasiwasi au sonona inayojificha, au ni mazoea ambayo kweli yamemshinda.

Usiulize "Unaamini majini?" Swali hilo hufunga mazungumzo. Mgonjwa anaweza kuwa na imani yake na bado akanufaika na maelezo yako kuhusu usingizi. Anayesoma dua kabla ya kulala asikatazwe, kwani humtuliza. Hata mafundisho ya dini yanayomhimiza Mwislamu kulalia ubavu wa kulia yanaafikiana na ushauri wetu wa kuepuka kulala chali. Tunachopaswa kukikataa kwa uwazi ni kumfunga mgonjwa, kumpiga, kumnyima chakula au kumkatiza dawa kwa jina la kumtibu.

Mpeleke kwa daktari mapema yule anayezidiwa na usingizi mchana hata akiwa amelala vya kutosha usiku, anayelegea ghafla mwili anapocheka au kukasirika, anayesikia sauti akiwa macho kabisa, anayepoteza fahamu au kutikisika mwili, na yeyote anayezungumzia kujidhuru. Huyu wa mwisho asiachwe peke yake hata kwa saa moja.

Kwa wewe uliyepatwa na jinamizi, kumbuka kwamba linapita. Usipigane na mwili mzima. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu au cha mkono, na uiache pumzi iende taratibu. Lala na kuamka kwa saa zilezile, hata siku za mapumziko. Na ukitaka kucheza hadithi ya kutisha, icheze kabla ya magharibi. Ikifika saa ya kulala, simu na iwe mbali na mkono wako. Kama hadithi imekuwa nzito, mweleze mtu. Kusimulia hofu mbele ya anayekusikiliza na kukujibu huipunguza. Kuisimulia kwa vitisho, kwa sababu umeambiwa usiposimulia utarudiwa, huizidisha.

Kwa skuli zetu na kwa waandishi, nina ombi. Vifaa vya kutungia michezo hii ni vya bure, na kisiwa hiki kina hazina ya ngano ambayo haijaisha. Vijana wanaocheza hofu za miji ya Marekani kwa lugha ya kigeni wangeweza kutunga za kwao kwa Kiswahili fasaha, zenye mikarafuu, mikoko na ngalawa, na zenye mwisho. Mwalimu wa Kiswahili na mshauri nasaha wakikaa na kundi la wanafunzi mchana, mlango wazi, watagundua mengi kuhusu yale yanayowatisha vijana wetu ambayo hakuna dodoso litakaloyatoa.

Hofu hatuwezi kuiondoa katika maisha ya binadamu, wala hatuhitaji kuiondoa. Tunachoweza kukifanya ni kuiwekea saa, mipaka, na mtu wa kuzungumza naye inapokwisha. Yaliyotokea mwaka 1995 yanatukumbusha bei ya kukosa vitu hivyo. Kwa hiyo, mzazi unapomkuta mwanao usiku na simu mkononi, usianze na kiberiti. Anza na swali: hadithi hiyo inahusu nini, nayo inaishaje?